Mbolea Sikuipata, Mdogo Wangu

Kwa Mama Marko,
Kitongoji cha Joshoni,
Nduguti, Singida.
Jumapili, 20 Machi 2011

Mpendwa mdogo wangu Amne,

Salaam nyingi sana kutoka kwangu dada yako Scola. Hamjambo huko Kaliua? Shemeji hajambo? Ile pumu yake imetulia au bado inamkamata mkianza kukausha tumbaku? Na wewe mgongo je? Yule mjukuu aliyekuwa anakataa ziwa, amekubali? Usinijibu "sote wazima" kama watu wa mjini. Nijibu mmoja mmoja, ili na mimi nikikaa peke yangu nijue nani wa kumwombea nini.

Sisi huku tunaamka. Goti langu ndilo linaloamka mwisho. Macho yanaona mbali, karibu hayaoni, meno yamebaki ya kuchekea tu. Marko mwanangu mzima. Mkewe Martina mzima, ndiye anayeandika haya, mimi niko hapa mkekani nachambua kunde. Kuku wamekwisha, kideri kimepita kama fagio. Amebaki jike mmoja mwenye mguu mbovu, sijui kideri kilimwonea huruma au kilimdharau.

Mvua siyo mbaya. Ilichelewa, halafu ikaja yote kwa pamoja kama mgeni mwenye njaa. Uwele umesimama vizuri, alizeti nayo inajitahidi. Mahindi ndiyo nitakwambia.

Barua hii anakuletea Gasto, mtoto wa Bonifasi yule fundi baiskeli. Anaendesha lori la alizeti siku hizi. Akifika mpe chakula, ni mwembamba lakini anakula. Simu sitaki. Kwenye simu tunaanza kusalimiana, tukifika kwa shemeji tu salio limekata, habari yenyewe inabaki tumboni.

Na habari yenyewe, Amne, ndiyo hii. Umemtumia Marko maneno kwenye simu yake, na Martina amenisomea. Umesema umesikia dada amepewa mbolea ya serikali, mifuko na mbegu juu, akapigwa na picha, akanyamaza kimya, hakukumbuka ndugu. Umesema "heri yake". Heri yangu! Neno hilo nimelitafuna na ugali siku mbili, halishuki. Ndiyo maana leo watu wametoka kanisani nimemkalisha Martina chini kabla hata hajavua kitambaa.

Mbolea sikuipata. Andika tena, Martina. Mbolea sikuipata.

Wewe huko kwenye tumbaku chama kinawakopesha mbolea, mkiuza wanakata, kwa hiyo mambo ya vocha huyajui. Ngoja nikueleze. Unakumbuka zamani baba alikuwa anachukua mbolea ghalani kwa ushirika, anakuja nayo begani, mama anamwambia asiiweke karibu na chumvi? Basi ushirika ulikufa, ghala wamepangisha popo. Likaja hili soko huria, ukitaka mbolea nenda dukani kwa mtu, na mtu mwenyewe anakupangia bei akiangalia sura yako. Watu wakaacha. Tukawa tunalima na samadi ya ng'ombe, asiye na ng'ombe analima na maombi.

Sasa serikali ikaona aibu, ikaleta vocha. Vocha ni karatasi. Kamati ya kijiji inachagua wakulima, kila mmoja anapewa karatasi zake, moja ya mbegu, moja ya mbolea ya kupandia, moja ya kukuzia. Unazipeleka kwa wakala, unaongeza kidogo mfukoni kwako, unachukua mzigo. Wakala naye anazipeleka huko zinakolipwa, anapata hela yake iliyobaki. Lakini halipwi mpaka karatasi iwe na sahihi ya mkulima. Asiyejua kuandika, dole. Umeelewa? Karatasi ikishakuwa na dole langu, kwa serikali mimi nimeshavuna.

Hilo dole nililiweka, sikatai. Mwezi wa kumi na moja alipita hapa mtendaji wetu wa kijiji, Urbano, na watu wawili wa kamati, wanagawa vyandarua nyumba kwa nyumba. Nikaambiwa weka dole, nikaweka. Weka na hapa, nikaweka. Na hapa. Nikamuuliza, chandarua kimoja kina madole mangapi? Akacheka akaniambia, "Bibi, cha serikali kina mambo mengi." Nikanawa dole langu na majivu nikasahau. Chandarua chenyewe Marko akafunikia vifaranga, ndiyo hao waliokwenda na kideri.

Huyu Urbano ngoja nikuchoree, maana humjui, alikuja wewe umeshaondoka. Kijana msafi. Suruali ina mstari wa pasi hata siku ya matope. Na heshima! Shikamoo yake anaianza akiwa bado ng'ambo ya korongo. Anainama, anakupokea mzigo, anauliza goti. Ningetukanwa na mlevi ningelala usingizi mzuri kuliko ile shikamoo yake. Ninavyoiwaza sasa hivi natema mate, na Martina ananiambia nisiteme juu ya kunde.

Basi mwisho wa mwezi wa kwanza, huko wilayani wakatoa amri, waliopata mbolea wote wasomwe majina hadharani, mbele ya kijiji, kila mtu ajue jirani yake amepata nini. Amri nzuri kabisa, Amne. Ningekuwa mimi ndiyo serikali ningeiweka hiyo hiyo. Sasa sikia walivyoigeuza.

Mtu wa kipaza sauti alipita njiani na baiskeli anatangaza mkutano, wageni wa wilaya wanakuja, majina yatasomwa. Basi. Majina ya nini hakusema, au alisema akiwa ameshateremka bondeni. Na wewe umekulia hapa, unajua. Kwetu serikali ikisoma majina, inasoma ya mahindi ya njaa. Kuna kingine imewahi kutusomea? Mwaka ule wa njaa ulikuwepo, ulimwona mzee Chediel alivyochelewa kusimama, jina lake likapewa mwingine, akarudi na gunia tupu kichwani kama kofia. Tangu siku ile mtu wa hapa akisikia jina lake kwenye mkutano anasimama kwanza, kuuliza baadaye.

Kwa hiyo nikachukua kiroba changu. Siyo mimi tu, wanawake nusu walikuwa na viroba ndani ya kanga.

Ningewahi ningesikia mwanzo. Lakini ndama wa Marko alikuwa amekwama korongoni, tukahangaika naye, mkia huku, pembe huku, mpaka jua limepanda. Nafika, Urbano yuko katikati ya majina. Kavaa koti! Na jua lile. Anasoma jina, mtu anasimama, wageni wanapiga makofi. Fabiano jirani yangu kasimama, kajikuna shingo, kakaa. Mwingine kasimama. Kisha nikasikia Sostenes.

Sostenes huyo huyo, mume wa Lea. Tulimzika kabla ya mavuno ya mwaka juzi, nilikuandikia. Nikashtuka. Nyuma kule mtu wa kamati akapaza sauti, "Amesafiri!" Urbano akaweka alama yake akaendelea. Lea mwenyewe alikuwa amekaa palepale, kashika tama. Nami nikajisemea moyoni, wamesahau kumtoa, si neno, mahindi yake atachukua mjane wake.

Mara, "Scola Msengi!"

Mdogo wangu, hata hakumaliza ukoo. Nilikuwa nimeshasimama. Goti lote lilinipona. Nikapiga kigelegele, nikainua kiroba juu, nikasema nipo baba, nipo hapa. Dorkas alikuwa pembeni yangu, Dorkas wangu wa siku zote, tunayeombana naye chumvi na moto tangu watoto wetu wana kamasi. Akanivuta kanga. "Mama Marko, kumbe na wewe umo?" Nikamjibu, nimo, Mungu mkubwa!

Ndivyo nilivyomjibu. Kwa mdomo wangu huu.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, wa wilayani, mnene mzuri, miwani. Akapendezwa na mimi. Akaniita mbele, akauliza nina neno gani kwa serikali. Ungenikuta! Nilishukuru serikali, nikashukuru wilaya, nikashukuru na dereva wao. Nikasema mmetukumbuka sisi wazee, mmetuondolea aibu, Mungu awaongeze. Nikacheza kidogo. Kijana mmoja akanipiga picha, kiroba kikiwa kimening'inia mkononi, nimecheka mpaka pengo la mwisho.

Halafu yule mama akafunga mkutano. Akasema amefurahi, amesikia kwa masikio yake kwamba mbolea na mbegu zimewafikia walengwa wa kijiji hiki, na huyu bibi ni shahidi.

Nikasema, mbolea gani?

Urbano akanikamata mkono kwa adabu. "Bibi, wageni wana safari ndefu. Kaa kivulini, jua kali." Nikasema tena, mimi sijaona mbolea. Gari likawashwa. Watu wakacheka, wakadhani bibi amechanganyikiwa na furaha. Dorkas hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayekutana na wewe mara ya kwanza.

Kuelewa kulinichukua njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyepata, Amne. Wale waliosimama wengi walikuwa wameambiwa mapema wasimame, au wameogopa wasiposimama mwakani watarukwa kwenye kila kitu. Karatasi zilikwenda kwa wakala zikiwa na madole yetu ya siku ile ya vyandarua, wakala akalipwa, wakagawana na kamati. Mfuko haukushuka hapa hata mmoja. Na serikali ilipotaka kuuliza kwa uwazi, wakatusoma majina mbele ya watu ili tujishuhudie wenyewe. Wameniibia, halafu wakanitumia kuapa kwamba sikuibiwa. Nilipofika hapo nilikaa chini njiani. Nilisema neno moja la Kinyiramba ambalo Martina amekataa kuliandika. Unalijua, mama alikuwa analisema kwa fisi.

Hapa Martina ananiambia nipunguze, barua inaweza kufunguliwa. Ifunguliwe. Andika wezi, Martina. Mimi ni mzee, watanifunga wapi? Wakinifunga watanipikia.

Sasa ungefikiri basi, yameisha, umecheza ngoma ya wajinga, nenda kalale. Hayakuisha. Yalianza.

Mwezi wa kumi na mbili, mahindi yakiwa madogo, Dorkas alikuja kwangu. Mahindi yake yalikuwa yanageuka manjano kutoka chini, akaniuliza kama nina chochote, hata samadi ya mbuzi. Nikamwambia sina, na kweli sikuwa nayo. Sasa yeye anahesabu, Scola alikuwa na mfuko ndani siku ile, akaniangalia usoni akasema hana. Ndivyo anavyoona, na ningekuwa mimi ningeona hivyo hivyo.

Sisi wanawake wa Joshoni tunapalilia kwa zamu, unakumbuka, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba anapika togwa. Zamu yangu ikafika. Togwa ya uwele nimeianza siku tatu kabla, nzito, tamu, nimeazima na vikombe. Nikakaa shambani na jembe langu. Jua likatoka, likapanda. Nikawaona wanapita njia ya juu, wote, na majembe begani, wanakwenda kwa mwingine. Nikawaita. Dorkas akageuka akasema kwa sauti ili nisikie vizuri, "Aliyelishwa na serikali apaliliwe na serikali!" Wakacheka. Waliposhuka ng'ambo bado nasikia wanacheka.

Togwa ilichacha. Marko alikunywa mpaka tumbo likamuuma, iliyobaki nikamwaga.

Bombani nikifika wanaondoa ndoo zao wananipisha. Unajua kupishwa kwa namna hiyo? Heri kusukumwa. Mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, eti mwenzetu mfuko unauza au unakula? Kanisani benchi langu nakaa mwenyewe kama mgonjwa wa ukoma. Umri wote huu, Amne, sina ng'ombe, sina bati jipya, nilichokuwa nacho ni kwamba nikisema kitu watu wanakaa wanasikiliza. Hicho ndicho walichochukua. Mbolea ningesamehe.

Nikaenda ofisini kwa Urbano. Shikamoo kumi. Kiti akanifutia vumbi. Nikamwambia, mwanangu, nitoe kwenye hayo majina. Akasema majina yameshakwenda wilayani, hayarudi. Nikasema basi itisha watu useme kwamba mimi sikupata. Akaniangalia kwa huruma, mtoto yule, akasema, "Lakini bibi, si wewe mwenyewe ulishukuru? Na picha ipo." Na kweli ipo. Bonifasi alikwenda huko kwenye maofisi yao akaiona imebandikwa ukutani. Nacheka kwenye ukuta wa watu mpaka leo.

Wiki ile ile akaja Paulo, kijana wa bodaboda, na mzigo nyuma. Nusu mfuko wa mbolea ya kukuzia, umefungwa kwa waya. Akasema, "Shikamoo bibi. Wa ofisini amesema huu ni wako, ulichelewa njiani."

Sikiliza, nakwambia wewe maana ni ndugu yangu wa tumbo moja. Niliufungua. Nikaingiza mkono. Nyeupe, punje punje, inapoa mkononi kama maji ya mtungi. Nikainua macho nikayaona mahindi yangu, yamefika kiunoni na yamekata tamaa, rangi ya mkojo. Marko akasema, mama pokea, ukikataa watasema umepokea, ukipokea angalau tutakula. Martina alikuwa anaangalia mahindi, na tumbo lake unajua liko mwezi wa saba. Usimwangalie vibaya. Nilikaa na ule mfuko mchana kutwa.

Halafu nikaona. Nikiimwaga ile mbolea, baada ya siku chache shamba langu litakuwa jeusi kwa ukijani katikati ya mashamba ya njano. Litaonekana kutoka barabarani. Kila mtu atakayepita atasema, si tulisema? Uongo wao utakuwa ukweli, na mimi ndiye nitakayeuotesha. Yule kijana hakuniletea mbolea, aliniletea kifuniko cha mdomo.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Nikamtuma Marko amwite Paulo na pikipiki yake. Nikamwambia, mfuko huu unarudi, na mimi narudi nao. Amne, sikuwahi kupanda hicho kitu maishani mwangu. Nilikaa upande, mguu mmoja unaelea, nimeukumbatia mfuko kama mtoto mgonjwa, Paulo ananiambia, "Bibi usinishike shingo, sioni!" Nikamwambia nani amekwambia uone, endesha. Mnadani nikamwambia simama hapa, palepale katikati, kati ya mbuzi na wachoma nyama. Wote walikuwepo, wa Joshoni na wa mbali, wanunuzi wa ng'ombe, wauza mitumba. Urbano mwenyewe nilimwona kwa mbali ananunua viatu, akatoweka kama panya.

Nikaushusha mfuko nikasimama juu yake. Kijana mmoja akapiga kelele, "Bibi anauza mbolea! Kilo bei gani?" Wakacheka. Nikamwambia siuzi, namrudishia mwenyewe, na wewe funga zipu kwanza ndiyo uzungumze na watu wazima. Wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanasikiliza.

Nikawaambia yote. Kwamba nilisimama nikidhani ni mahindi ya njaa. Kwamba nilicheza ngoma ya mbolea ambayo sijaiona. Kwamba huu hapa chini ya miguu yangu ndiyo wa kwanza kuuona, na umeletwa jana ili ninyamaze. Nikamwona Fabiano anakula nyama. Nikamwita, Fabiano, wewe ulisomwa, ulipata? Akasema bila kuinua kichwa, "Bibi, niache nile." Nikamwita mwingine, akageukia mbuzi wake kama anamhesabu meno. Hapo nilichoka, Amne. Wanaume wazima, wenye ndevu. Walikuwa tayari kuitwa wezi wa majirani zao kuliko kusema wameibiwa. Kinyaa kilinipanda mpaka nikasikia ladha ya shaba mdomoni.

Nilikuwa naanza kushuka nilipomsikia Lea. Unamjua Lea, mtu asiyeongea, hata msibani kwake alilia kwa ndani. Alikuwa kwenye nyanya zake. Akasimama akasema, "Mume wangu naye alisomwa. Wakasema amesafiri. Anayejua alikokwenda anielekeze, nimpelekee nguo."

Hata mwenye kipaza sauti cha dawa za panya alizima.

Lea akafunga nyanya zake, akaja, akashika upande wa pili wa mfuko. Paulo akasema tuupakie, tukakataa, tukaubeba wenyewe, wazee wawili, tunapumzika, tunabeba, mpaka ofisini. Mlango umefungwa, viatu vipya viko nje. Tukauweka kwenye ngazi tukaondoka.

Na unajua, hakuna aliyeuchukua. Kijiji hiki jembe ukilisahau njiani hulikuti, lakini ule mfuko ulikaa pale, maana atakayeuchukua ndiye atakuwa amepata. Urbano alikuwa anauruka akiingia, anauruka akitoka. Ikaja ile mvua kubwa. Waya ulikuwa umeupasua ubavuni, mbolea ikayeyuka yote. Pale ulipokuwa pameungua, pako wazi kama kidonda. Lakini maji yalikopita, kutoka kwenye ngazi mpaka barabarani, magugu yameota, Amne, sijawahi kuona. Manene, meusi kwa ukijani, yanafika magotini. Ndiyo mbolea ya serikali iliyofika kijijini kwetu mwaka huu, na kila anayekwenda kugongewa muhuri anapita katikati yake.

Usidhani kuna aliyefukuzwa. Urbano yupo, ananipa shikamoo ya mbali. Kamati ipo. Wakala amejenga, nasikia, na gari ameagiza. Yule mama wa miwani hajarudi. Na jina langu liko palepale.

Lakini Alhamisi iliyopita nilikuwa ndani, goti limegoma, nikasikia jembe shambani kwangu. Nikatoka. Dorkas yuko upande wa chini anapalilia peke yake, hakupiga hodi, hakuinua kichwa. Nikachukua jembe langu nikaanza upande wa juu. Tulikutana katikati jua likiwa limepinda. Akayatazama mahindi yangu, akakunja na kuvuta jani moja, akaniambia, "Yako ni mabaya kuliko yangu."

Nikamwambia, mabaya sana.

Akakaa chini, akanywa maji yangu. Hakuomba msamaha na mimi sikumwomba. Wengine bado hawajaja. Mmoja ni mwanzo.

Sasa wewe, mdogo wangu. Dorkas alisikia kutoka mdomoni mwangu mwenyewe, ana haki ya kukosea. Wewe ulisikia kutoka kwa nani? Umenyonya ziwa moja na mimi, ukaamini maneno ya kwenye basi. Hilo limeniuma kuliko togwa yangu. Nimekusamehe, lakini nimekwambia ujue.

Hapa chakula hakitatosha, sikufichi. Mahindi tutapata ya kuchoma tu. Uwele utatubeba. Kama kuna kitu mnaweza kuweka kwenye lori la Gasto akirudi, weka, kwa ajili ya Martina. Kama hakuna, usikope.

Nisalimie sana shemeji, mwambie apunguze moshi. Msalimie Jenifa na mumewe, na yule mkorofi Obadia, mwambie bibi bado ana fimbo yake. Marko anakusalimu. Dorkas anakusalimu, nimemuuliza akasema "mwandikie". Lea naye. Wewe huko unaswali, mimi huku nasali, tukutane juu ya jambo moja, Mungu awape afya, awape mvua ya kiasi, na asiache mtu yeyote awaite majina mkasimama bila kujua ni ya nini.

La mwisho hili. Anayekusomea barua hii mwambie asiisome chumbani. Wakusanye hao waliokwambia dada yako amepata mbolea, wote, uwakalishe nje, mlango wazi, na asome tena kutoka mwanzo kwa sauti. Yale walisema mbele za watu. Na haya yasemwe mbele za watu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekununia,

Scola Msengi
(Mama Marko)